Kabla ya kumcheka anayeshrabu, sikiliza ulimi wako

UMEITWA mbele ya darasa kusoma insha yako ya Kiingereza. Usiku mzima umeifanyia mazoezi, umekariri hata mahali pa kuvuta pumzi. Aya ya kwanza inapita salama. Kwenye ya pili unakutana na neno "film", na kabla hujajua ulimi umekwenda wapi, umeshasema "filimu". Jamaa wa dawati la nyuma analirudia akilivuta: fi-li-muuu. Darasa linapasuka. Mwalimu anajaribu kutuliza mambo, lakini naye unamwona anameza kicheko. Umeshrabu. Hadi muhula uishe, jina lako ni Filimu.

Sasa ngoja kengele ilie, kipindi cha Kiswahili kianze. Mwalimu anauliza, "film" kwa Kiswahili ni nini? Unainua mkono: filamu. Vizuri sana, mpigieni makofi.

Hebu tulia hapo kidogo. Ulimi ni ule ule. Neno ni lile lile. Mara zote mbili umetenganisha "l" na "m" kwa irabu, kisha ukafunga kwa "u". Saa tatu asubuhi hilo lilikuwa aibu. Saa nne ni utohozi, na unapewa alama. Kitu gani kilibadilika katikati, zaidi ya kengele?

Neno "kushrabu" lenyewe (naam, nimeliongezea "u" mwishoni, na sababu utaiona) kila Mkenya aliyepita shuleni analijua. Ni pale lugha ya kwanza inapochungulia kupitia lugha ya pili. Tunalichukulia kama uzembe: mtu hakusikiliza, hakusoma, ametoka ndani ndani kule. Lakini wanaisimu, yaani watu wanaochunguza lugha kama daktari anavyochunguza mwili, wanakuambia hadithi nyingine kabisa. Ukikusanya makosa ya kushrabu ukayapanga mezani, hayana fujo hata kidogo. Yana sheria. Na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyojenga lugha unayosoma sasa hivi.

Turudi kidato cha kwanza, lile somo la silabi ambalo wengi wetu tulilipita tukisinzia. Silabi ni pigo moja la sauti. Piga makofi ukisema "kalamu": ka-la-mu, makofi matatu. Silabi inayoishia kwa irabu ni silabi wazi. Inayoishia kwa konsonanti ni silabi funge. Kiswahili ni shabiki sugu wa silabi wazi. Konsonanti kisha irabu, konsonanti kisha irabu, kama hatua za mtu anayetembea. Kuna "m" ya "mtu" inayosimama peke yake kama silabi kamili, na kuna "mb" ya "nyumba" inayotembea kama sauti moja, lakini mwishoni mlango huachwa wazi. Silabi funge tulizo nazo, kama lab-da, mak-ta-ba na al-ma-si, zimetujia na Kiarabu. Na hata hizo, keti kwenye matatu dakika kumi tu usikilize. Utamsikia mtu akisema "labuda".

Hebu tuwafuate hao Waarabu. Kiarabu hakina shida na konsonanti mbili kugandana mwishoni mwa neno. Wakati ni "waqt". Bahari ni "bahr". Maneno hayo yalipofika pwani yetu, Waswahili waliyafanyia nini? Walitia irabu katikati, wakatia nyingine mwishoni. Wa-ka-ti. Ba-ha-ri. Leo hakuna anayecheka.

Halafu kuna neno hili moja, ambalo nikilifikiria huwa natabasamu peke yangu. Kwa Kiarabu ni "ilm". Liangalie vizuri, "l" na "m" zimegandana mwishoni, sawa kabisa na "film". Mswahili wa kale akakumbana na ukuta ule ule uliokugonga wewe mbele ya darasa, na akatoka kwa mlango ule ule: irabu katikati, "u" mwishoni.

E-li-mu.

Ndiyo. Neno tunalotumia kutajia masomo, shule, vyeti na karo ni neno lililoshrabiwa. Angekuwepo jamaa wa dawati la nyuma enzi hizo, leo tungekuwa na Wizara ya nini sijui.

Sasa, kwa nini "u"? Kwa nini usiseme "filima" au "filimi"? Weka kidole kwenye midomo yako useme "m". Midomo imefunga. Sema "b" na "p", vivyo hivyo. "F" nayo inautumia mdomo wa chini. Sauti za midomo hupenda kufuatwa na "u", kwa sababu nayo hutamkwa kwa midomo iliyokusanywa. Ni jirani yake. Ndiyo maana tuna kitabu, hesabu, karibu na salamu kutoka Kiarabu, halafu miaka mingi baadaye, kutoka Kiingereza, tuna timu, stempu, pampu na bafu. Neno likiishia kwa konsonanti isiyo ya midomo, mara nyingi "i" ndiyo huja kufunga: safari na sabuni upande mmoja, shati, benki, tiketi na ofisi upande wa pili. Yapo yanayotoroka kanuni hii, ila ni wazi kwamba hakuna kamati iliyoketi kuiandika. Wala waliolitoa "demu" kwenye "dame" hawakumuuliza mtu. Midomo yao ilijua. Na sasa unaelewa "u" yangu ya kushrabu.

Lakini tusijidanganye kwamba Wakenya wote wanagonga ukuta mmoja. Chukua orodha ya majina ya darasa lako. Wanjiku, Mutua, Wafula, Mwende: yote yanaishia kwa irabu, maana lugha za Kibantu ni ndugu wa Kiswahili. Kisha soma Owuor, Okoth, Achieng', Rotich, Koech, Cheruiyot. Umesikia? Dholuo na lugha za Wakalenjin hazina tatizo kufunga silabi kwa konsonanti. Kitabu kwa Dholuo ni "buk", kimeisha hapo, hakihitaji kiambishi wala mkia. Mtoto aliyelelewa kwa Dholuo hatakuwa na haraka ya kubandika irabu mwishoni mwa neno. Yeye mtego wake uko kwingine: Dholuo haina "sh" wala "z", ndiyo maana meza ilipoingia huko ikawa "mesa". Mwenzake aliyelelewa kwa Gĩkũyũ atateleza kwenye "l" na "r", kwa sababu lugha yake haizitofautishi kama Kiswahili. Kila mtu ana mlango wake mfupi wa kugongea kichwa.

Neno "school" ni kipimo kizuri, kwa sababu linaanza na "s" na "k" bila irabu katikati na linaishia kwa konsonanti. Zanzibar wanasema "skuli": mwanzo wameukubali, mwisho wameubandika "i". (Bara tulipata "shule" kutoka kwa Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika.) Kwa Gĩkũyũ utasikia "cukuru", irabu imeingia katikati na "l" imegeuka "r". Nenda Eastleigh, Msomali atakuambia "iskuul". Yeye irabu ameiweka mbele, lakini mwisho ameuacha umefungwa, maana Kisomali hakina neno na hilo. Vuka bahari hadi Japani: "sukuuru". Uhispania wana "escuela", kutoka "schola" ya Kilatini, na ile "e" ya mbele ilibandikwa zamani sana na watu ambao ndimi zao zilikataa kuanza na "sk". Leo "e" hiyo iko kwenye kamusi na ukiiacha ndipo utakapokosolewa.

Wajapani nawapenda zaidi kwa sababu wao ni kama sisi, ila wamezidi. Neno "strike" kwa Kiingereza ni silabi moja. Mjapani akilimaliza ni mapigo matano: su-to-ra-i-ku. McDonald's ni Ma-ku-do-na-ru-do. Na Hawaii, ambako lugha ya wenyeji ina konsonanti nane pekee na haina "s" wala "r", Christmas ni Kalikimaka. Ka-li-ki-ma-ka! Krismasi yetu inaonekana ya Oxford ukiilinganisha na hiyo.

Hao Wajapani ndio waliosaidia kujibu swali muhimu zaidi katika habari hii yote. Anayeongeza irabu, je, anasikia neno sawa ila ulimi unakataa? Au tatizo linaanza mapema zaidi?

Mwaka 1999 mtafiti Mfaransa Emmanuel Dupoux na wenzake walichapisha majaribio ya kushangaza. Walichukua maneno yasiyo na maana yoyote, kama "ebuzo", wakaipunguza ile "u" kidogo kidogo hadi ikaisha kabisa, ikabaki "ebzo". Wakawachezea Wafaransa na Wajapani, wakawauliza: kuna "u" hapo katikati? Wafaransa walisikia inapotea. Wajapani waliendelea kuisikia mara nyingi hata pale ilipokuwa haipo tena kwenye rekodi. Masikio yao hayakuwa na kasoro. Ubongo, uliozoea kwamba "b" haiwezi kusimama kando ya "z", ulijaza pengo wenyewe na kumkabidhi mwenyewe neno lililokwisha kurekebishwa.

Soma hapo tena, kisha umfikirie mtoto anayeambiwa na mwalimu, "Sikiliza vizuri! Sema film!" Anasikiliza. Anasikia. Huenda anachosikia ni filimu. Kumwambia asikilize vizuri zaidi ni kama kumwambia mtu mfupi ajaribu kuwa mrefu.

Na mambo haya huanza kabla hujajua hata kutembea. Mwaka 1984, Janet Werker na Richard Tees huko Kanada walionyesha kwamba watoto wachanga wa familia zinazozungumza Kiingereza, wakiwa na miezi 6 hadi 8, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao huzisikia kama sauti moja. Kufikia miezi 10 hadi 12, wengi hawakuweza tena. Kabla ya keki ya kwanza ya birthday, sikio limeshaanza kuchagua milango ya kufunga.

Ukiniuliza ni kwa nini "konsonanti kisha irabu" ndiyo inayopendwa hivi, jibu moja liko kwenye taya lako. Mtoto akianza kubwabwaja, ba-ba-ba, ma-ma-ma, anachofanya ni kufunga na kufungua mdomo huku akitoa sauti. Mwanasaikolojia Peter MacNeilage alijenga nadharia nzima juu ya hilo: kwamba silabi ni mwendo wa taya, kama kutafuna, uliopewa sauti. Si ajabu basi kwamba silabi ya aina hiyo hupatikana karibu kila lugha duniani. Nasema karibu kwa sababu wapo wataalamu wanaodai Kiarrernte cha Australia hupanga kinyume, irabu kwanza, na ubishi huo wamewaachia wenyewe.

Kinachotofautiana ni kiasi ambacho lugha huongeza juu ya msingi huo. Ian Maddieson alipanga lugha 486 kwa mafungu matatu. Zenye silabi sahili kabisa zilikuwa 61 tu. Za kati kwa kati 274. Na 151 zilikuwa zile za kumpa mtu jasho, Kiingereza kikiwemo. Neno "strengths" ni silabi moja, yaani kofi moja, lenye sauti tatu za konsonanti mbele ya irabu moja maskini na msongamano mwingine nyuma yake, kama matatu ya saa moja jioni. Hiyo ndiyo lugha tuliyopewa kuwa kipimo cha akili ya mtoto wa darasa la nne.

Lakini nisikuache ukidhani Waingereza wamesalimika. Wao ni washrabu wakubwa tu, ila hakuna anayewacheka. Angalia neno "knee", goti. Ile "k" ya mbele si pambo. Mababu zao waliitamka, na Wajerumani mpaka leo wanaitamka katika "Knie". Waingereza iliwashinda, wakaitupa. Wakachukua "psychology" kutoka Kigiriki, "p" ikawashinda. Wakachukua "tsunami" kwa Wajapani, wengi wao "t" ikawashinda. Na wikendi ukitazama mpira, sikiliza watangazaji wakimtaja Kylian Mbappé. Ile "mb" ambayo wewe huimaliza ukiwa usingizini, maana umekua ukisema mbuzi na mbaazi, wao huivunja na kuitilia irabu mbele: Em-ba-pe. Tom Mboya naye walimwita Em-boya. Umesikia wanavyofanya? Konsonanti mbili zimegandana, sikio halizijui, irabu inatiwa kati yao na shida. Filimu, hiyo. Filimu kabisa.

Wewe kijana wa Nairobi, au Mombasa, au Naks, una jambo jingine la kipekee. Bila shaka husemi "nimedaunilodi". Unasema "nimedownload", "tulichill", "usinidrop", konsonanti mwishoni bila aibu, juu ya kitenzi ambacho Kiswahili kingetaka kiishie kwa irabu. Nyanya yako hawezi. Tofauti si kwamba una akili kumliko. Katuni, redio na walimu wa chekechea walikutia Kiingereza masikioni mapema, kabla mlango haujafungwa sana. Kichwani una nyumba yenye milango miwili. Lakini neno likishakaa mtaani muda mrefu, tazama: ticha, demu, fomu. Linavua viatu na kuketi sebuleni kama wengine.

Sheng yenyewe ni darasa la silabi. Buruburu huwa Buru, Umoja huwa Umo: silabi mbili, zinatosha. Wajapani nao hukata hivyo hivyo, "personal computer" ikawa pasokon, simu janja ikawa sumaho. Na aliyegeuza "story" ikawa "risto" alilazimika kujua silabi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, sto na ri, akazibadilishana nafasi. Hakuwa na daftari. Wasee wa Eastlands walifanya fonolojia barazani huku wakisubiri mechi ianze.

Je, haya yote yanamaanisha matamshi hayana maana? Hapana. Ukiwa kwenye mahojiano ya kazi na msikilizaji hakuelewi, kazi imekwenda, na sheria za silabi hazitakulipia rent. Wala sisemi utani ukome. Kila jamii Kenya ina mchekeshaji wake anayejishrabia mwenyewe jukwaani, na tunacheka wote pamoja naye. Ninachokihofia ni yule wa darasani. Tangu siku ile, wewe husemi tena "film", unasema "movie". Ukiulizwa swali la sayansi na jibu unalijua, unatazama kwanza kama lina neno la hatari ndani, na "photosynthesis" lina mitego miwili, basi unakaa kimya, na mwingine anajibu vibaya kuliko ambavyo ungejibu. Kwenye kundi unajitolea kuandika ili mwingine aongee. Hakuna mtihani unaopima hicho, ila wewe unajua kimekugharimu kiasi gani.

Kama unataka kweli kuipata ile sauti, acha kusikiliza vizuri. Tafuta mahali ambapo ulimi wako tayari unaijua. Sema "almasi". Al-ma-si. Umeona "l" na "m" zilivyokutana bila irabu? Sema tena polepole, na usimame mara tu midomo inapofunga: alm. Sasa weka "fi" mbele na uitoe "a". Usiku mmoja, kioo kimoja, mlango umefungwa. Inawezekana.

Na kwa jamaa wa dawati la nyuma kuna neno la Kijojia: "gvprtskvni". Maana yake ni "unatumenya", konsonanti nane, kisha irabu moja mwishoni. Mjojia hulitamka bila kutoka jasho. Mwandikie ubaoni, mwite aje mbele alisome, kisha darasa zima lihesabu irabu atakazoongeza.